Simba Wetu Wako Chicago, Mto Uko Hapa

Binamu yangu wa Nairobi alishuka SGR hapa Voi Agosti iliyopita, na hata begi hajaliweka chini akaniuliza, "Wale simba wa kula watu wako wapi?"

Nikamwambia ukweli. Wako Chicago.

Alidhani namchezea. Lakini wasee, ndivyo ilivyo. Wale simba wawili wa Tsavo, wale wa mwaka 1898, wako nyuma ya kioo kwenye jumba la makumbusho linaloitwa Field Museum, Chicago, Marekani. Patterson, yule Mwingereza aliyewapiga risasi, aliwauza mwaka 1924 kwa dola 5,000. Na kabla ya kuwauza, ngozi zao zilikuwa mazulia nyumbani kwake. Mazulia! Miaka ishirini na kitu watu wanazikanyaga wakielekea kunywa chai. Halafu mwaka 1996 Hollywood wakatengeneza filamu kuhusu simba hao hao, na hawakuja kuipigia hapa. Walienda Afrika Kusini. Hata simba wa filamu walikuwa na manyoya ya shingoni, na simba dume wengi wa Tsavo hawana.

Sasa, kuna kitu kimoja ambacho hunikera kila nikiambiwa stori hii. Patterson alikuja kudai kwamba simba waliua watu 135. Mwaka 2009 wanasayansi walipima mifupa na nywele za simba hao wakakadiria kama watu 35. Wasee wanapenda kubishana juu ya hizo namba mbili. Mimi nikaenda kuangalia ile ya tatu. Patterson mwenyewe aliandika kwamba wafanyakazi Wahindi waliouawa walikuwa 28, na Waafrika walikuwa wengi lakini hakuna rekodi rasmi iliyowekwa juu yao. Yaani simba wana kioo, wana taa, wana walinzi usiku kucha. Mtu wetu aliyeburutwa kutoka hemani hakupata hata mstari kwenye daftari.

Binamu akasema sawa, basi nionyeshe kitu kilichobaki. Nikamwambia twende mtoni.

Kabla hatujafika, neno moja kuhusu mtaa wetu. Kaloleni ziko nyingi: kuna Nairobi, kuna Kisumu, kuna Kilifi, kuna mpaka Arusha. "Lola" ni kutazama. Wamijikenda wanalitumia kila siku, na kwenye Kiswahili cha zamani limo. Ka-lole-ni: nendeni mkatazame. Sisi hapa Voi tunaishi ndani ya amri na hatuitii. Kijana amekulia hapa miaka ishirini, anaweza kukuchorea ramani ya Westlands, lakini ukimuuliza Mto Voi unaanzia wapi anakuangalia kama umemuomba nauli.

Unaanzia Milima ya Taita. Unashuka, unapita mjini, unaingia Tsavo Mashariki, unafika bwawa la Aruba ambalo lilijengwa mwaka 1952. Na usiutafute kwa sauti ya maji, maana sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Wageni hupita juu ya daraja hawajui wamevuka mto. Mvua ikinyesha kule juu, hapa jua linawaka, unasikia mngurumo, halafu maji mekundu yanakuja na kila kitu: magogo, mitungi, kandambili za mguu mmoja. Siku mbili tatu, kisha mchanga tena, na malori ya kuchota mchanga yanarudi kazini.

Lakini chini ya mchanga maji yapo. Wazee wetu walijua kuchimba visima vya mchangani wakati wa kiangazi. Tembo nao wanajua. Tembo anapiga mchanga kwa mguu, anautoa, anasubiri maji yajichuje, anaingiza mkonga. Akiondoka, wanyama wadogo wanakuja kunywa alichobakisha. Sijui nani alimfundisha nani, na nadhani haina haja kujua.

Hapo ndipo nilipotaka binamu afike. Kwa sababu ukitaka kuelewa historia ya huku, usianze na reli. Anza na watu waliomjua tembo kwa karibu kuliko mtu yeyote mwingine, na tuliowasahau haraka kuliko wengine wote. Wawaata.

Majirani waliwaita Wasanye, Waliangulu, Walangulo. Wenyewe ni Waata. Lugha yao ni ndugu wa Kioromo. Walikuwa wawindaji, na hakuna mnyama waliyemheshimu na kumwinda kama tembo. Nyika hii ya mashariki mwa Voi hadi Mto Galana ilikuwa ndio shamba lao, duka lao, na shule yao.

Silaha yao ilikuwa upinde. Usifikirie ule upinde wa kuuzia watalii. Upinde wa Mwaata ulikuwa mrefu, mgumu, na kuuvuta mpaka mwisho ilikuwa kama kuinua uzito wa kilo 45 na zaidi kwa mkono mmoja. Wazungu walioujaribu waliandika kwa mshangao; wakaulinganisha na pinde za vita za Waingereza wa kale. Wewe mwenye misuli ya jimu, nakuambia kwa heshima, ungechekwa na vijana wa miaka kumi na sita.

Na upinde ni nusu tu. Nusu nyingine ni sumu. Inatoka kwenye mti wa msunguti: unachemsha vipande vya mti kwa saa nyingi mpaka unabaki na kitu cheusi kinachonata kama lami, unakipaka kwenye chuma cha mshale, unakifunga kwa ngozi kisikauke na kisimguse mtu kwa bahati mbaya. Sumu ile inashika moyo. Cha kuchekesha ni kwamba Wazungu waliipeleka maabara na kiasi kidogo chake kikawa dawa ya moyo huko Ulaya. Jina la kitaalamu walilolipa, ouabain, limetoka kwenye neno la Kisomali la sumu ya mshale. Angalau hapo walikumbuka kutaja mwenyewe.

Mwindaji alimnyatia tembo mpaka hatua kama ishirini. Ishirini! Upepo ukigeuka umekwisha. Na kila mwindaji aliweka alama yake kwenye mishale yake, kama vile msanii anavyotia sahihi, ili mnyama akianguka mbali ijulikane ni wa nani na nyama igawanywe bila ugomvi.

Nyama ililiwa. Pembe zilienda Mombasa. Kutoka Mombasa zilivuka bahari hadi Bombay, na huko Gujarat zikachongwa bangili za maharusi. Pembe za Afrika Mashariki zilipendwa kwa sababu ni laini kuchonga. Nyingine zilivuka bahari kubwa zaidi, zikafika Connecticut, Marekani, ambako kuna mji uliopewa jina la pembe, Ivoryton, wakitengeneza vibao vya piano. Kwa hiyo kulikuwa na binti anaolewa India na mtoto anajifunza piano Marekani, na wote wawili wameshika kitu kilichotoka kwenye nyika yetu, na hakuna aliyewahi kusikia neno Waata.

Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ikatangaza Tsavo kuwa mbuga ya taifa. Mstari ukachorwa. Jana ulikuwa mwindaji, leo ni jangili, na hujahama hata hatua moja.

Kati ya mwaka 1956 na 1957 ikaja operesheni kubwa. David Sheldrick, mkuu wa Tsavo Mashariki, pamoja na Bill Woodley na askari wao, waliwasaka wawindaji wa Kiwaata kambi kwa kambi. Na unajua walitumia nini kuwatambua? Zile alama za mishale. Mshale ukiokotwa karibu na mzoga, alama inasomwa, jina linapatikana. Sahihi ya fundi ikawa ushahidi wa kumfunga. Nilipoisoma hiyo mara ya kwanza niliweka simu chini nikatoka nje kidogo.

Wanaume wengi wakaenda jela. Wanunuzi wa Mombasa waliendelea kuwa wanunuzi. Na Woodley mwenyewe na wenzake waliishia kuwaheshimu sana wale watu waliowafunga, mpaka mwaka 1960 ukaanzishwa mpango wa Galana ili Waata wawinde kihalali kwa idadi maalum. Wazo halikuwa baya. Lakini haukudumu. Mwaka 1977 Kenya ikapiga marufuku uwindaji wote.

Sasa nisije nikaonekana nawapaka Waata mafuta. Waliua tembo wengi, na miaka ile ya hamsini biashara ya pembe ilikuwa imewatia tamaa kama ilivyomtia kila mtu. Askari wa mbuga hawakuwa wanaota. Lakini angalia kilichofuata. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Tsavo ilikuwa na tembo karibu 35,000. Kiangazi cha 1970 na 1971 kikaua maelfu kwa njaa. Halafu wakaja watu wenye bunduki za rashasha, na mitandao yenye magari na marafiki serikalini, na kufikia mwaka 1988 tembo waliohesabiwa hawakufika 6,000. Hiyo haikuwa kazi ya upinde. Watu waliokuwa wanaweza kusoma nyayo na kukuambia ni nani aliyepita hapa usiku walikuwa wamekwisha kufundishwa kwamba ujuzi wao ni aibu.

Na bado stori haiishii pazuri. Mei 2014 tembo Satao, mmoja wa tembo wenye pembe kubwa kuliko wote Kenya, aliuawa hapa Tsavo Mashariki. Kwa mshale wa sumu. Ile ile sumu. Kwa hiyo mtu asiniambie nazungumzia mambo ya kitambo.

Binamu akaniuliza, sasa hakuna ufundi wowote uliobaki ambao haukuishia jela? Nikasema upo, lakini huo nao umepitia mambo.

Ukitoka Voi kwa barabara ya Mombasa unafika Maungu. Ukikata kulia hapo, mbele yako unauona mlima umesimama peke yake kama mtu aliyechelewa mkutano. Huo ni Kasighau. Nyanya yangu mzaa mama ni wa huko, na anasuka vikapu.

Mwaka 1915, wakati wa vita ya kwanza ya dunia, Wajerumani walikuwa ng'ambo ya mpaka, Tanganyika, na walitaka kukata reli yetu. Agosti mwaka huo wakauteka Kasighau. Waingereza walipouliza imekuwaje, jibu walilojipa ni kwamba Wakasighau walisaidia adui. Hakuna kesi. Watu wa mlima mzima, wazee, wanawake, watoto, waliondolewa wakapelekwa Malindi. Fikiria mtu wa mlimani, hewa baridi, anatupwa pwani kwenye malaria, bila shamba, bila mbuzi. Wengi walikufa huko. Waliobaki hawakurudi Kasighau mpaka miaka ya 1930.

Nyanya hakuwepo, lakini mama yake alikuwa mtoto mbebwaji kwenye msafara ule. Anasema mama yake hakupenda kuizungumzia Malindi. Kitu kimoja tu alikuwa anakirudia: kwamba wanawake walitembea wakisokota. Mikono haikuacha. Sijui kama ni kweli ama ni vile nyanya anapenda kutuambia tusikae bure na simu, lakini kila nikimwona anasokota uzi nawaza hilo.

Kazi yenyewe inaanza na mkonge. Unachuna jani mpaka nyama ya kijani itoke ibaki nyuzi nyeupe, unaziosha, unazianika. Zamani, anasema, nyuzi zilitoka kwenye magome ya mbuyu. Kisha unachukua nyuzi chache, unazilaza juu ya paja, na kwa kiganja unazisukuma mbele na kuzirudisha. Ukiangalia haraka unaona kama anajikuna. Lakini uzi unatoka mrefu, sawasawa, mgumu wa kukata kwa meno. Paja la nyanya lina sehemu laini kama kioo. Rangi nyingine zinatoka kwenye mizizi na magome, nyingine siku hizi za dukani. Kikapu kinaanzia kitako, katikati kabisa, kinazunguka, kinapanuka, kinapanda. Kikapu kizuri kinachukua wiki kadhaa kwa sababu kati yake kuna kuni, kuna maji, kuna wajukuu.

Nilikwenda Nairobi mwaka juzi nikaingia duka moja la zawadi za watalii. Nikaona kikapu. Mkono niliujua. Sikuhitaji kuuliza, ni kama kuona mwandiko wa mama yako kwenye ukuta wa mtu. Bei ilikuwa mara sita ya alicholipwa nyanya na yule mchuuzi aliyekuja kuchukua. Na kwenye kikaratasi kilichoning'inia waliandika tu kwamba kimetengenezwa kwa mikono Afrika. Afrika! Bara zima limekaa likasuka kikapu kimoja. Nilifikiria zile alama za mishale. Mwaata alitia alama yake ikamfunga, nyanya hana alama na hakuna anayemjua.

Vikundi vya akina mama vipo ambavyo vinauza moja kwa moja, na huko angalau hesabu inakaa vizuri kidogo. Mimi maoni yangu ni kwamba kikapu bila jina la msusi kisinunuliwe. Nimeshaanza kumwambia nyanya asuke herufi mbili chini ya kitako. Anasema anaona haya.

Siku ya pili nilimpeleka binamu Sagalla, chini ya mlima, mashamba yanayopakana na mbuga. Alitaka tembo, nikataka amwone tembo kwa macho ya mtu mwenye mahindi.

Kuna namba ambayo kila mtoto wa kaunti hii anapaswa kuijua: karibu asilimia 62 ya Taita Taveta ni mbuga za taifa. Toa hapo mashamba makubwa ya mkonge na maranchi, halafu jiulize watu wamebakiwa na nini. Ndicho hicho kipande, na tembo anakipitia. Hajui mstari wa 1948. Tembo wameongezeka tena, hesabu ya 2021 iliweka eneo zima la Tsavo juu ya 14,000, na mimi nafurahi, kwa kweli nafurahi. Lakini familia inayolala nje na tochi na debe la kupiga kelele msimu mzima wa mavuno, mtoto anasinzia darasani kesho yake, nani anaileta furaha hiyo kwao?

Sagalla kuna jibu moja ambalo nalipenda kuliko yote. Nyuki. Uzio wake ni mizinga iliyoning'inizwa kila baada ya mita kumi, imeunganishwa kwa waya. Tembo akisukuma waya, mizinga inayumba, nyuki wanatoka na hasira, na tembo, mnyama wa tani tano, anakimbia. Utafiti uliofanyika hapa hapa Sagalla ulionyesha uzio huo unawarudisha tembo wengi wanaoukaribia, hadi asilimia 86 kwenye misimu ya mazao. Kiangazi kikali nyuki wanahama na uzio unabaki mbao tu, hilo nalo ni kweli. Lakini mwaka ukiwa mzuri mkulima anavuna mahindi na asali.

Watafiti waliolianzisha wazo hili mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikwenda kupima kitu ambacho wenyeji walikuwa wakikisema tangu kitambo: tembo hagusi mti wenye mzinga. Yaani mtu aliyekuwa anajua alisikilizwa. Ni kitu kidogo tu hicho. Nawaza ingekuwaje kama 1948 mtu angewauliza Waata maswali matatu kabla ya kuchora mstari.

Binamu hakumwona tembo. Tuliona kinyesi kibichi na mpapai uliovunjwa katikati. Mama mwenye shamba akatupa asali kwenye chupa ya soda, akakataa pesa, kisha akazikubali.

Jioni ya mwisho tulikuwa kwa nyanya. Binamu akaomba ajaribu kusokota. Akakunja suruali mpaka juu ya goti, akalaza nyuzi kwenye paja, akasukuma. Nywele za mguu zikashikana na mkonge, akapiga kelele, nyanya akacheka mpaka akashika nguzo. Alijaribu karibu saa nzima. Akapata uzi wa urefu wa kiganja, mnene upande mmoja kama mnyoo aliyeshiba.

Akampa nyanya auweke kwenye kikapu alichokuwa anasuka. Nyanya akauinua kwenye mwanga wa taa, akaugeuza, akaurudisha.

"Huu nenda nao Nairobi, mjukuu wangu," akasema. "Huku utaniharibia jina."